Hesabu Hanga

Nikiingia ofisi yoyote yenye silingi ya bodi za mraba, naangalia juu kabla sijakaa. Wenzangu wa kazi hapa Rwamwanja wamezoea. Mmoja aliwahi kuniuliza kama naogopa nyoka. Nikamwambia hapana, nahesabu hanga. Tukacheka wote, lakini sikuwa natania. Hanga zenyewe huzioni ukiwa chini, ziko juu ya bodi, gizani. Ninachohesabu ni mahali zinapopaswa kuwa, na natazama kama mstari wa chuma umelala sawa au umeanza kushuka katikati kama kamba ya kuanikia nguo.

Wewe unayesoma hapa, kama unafanya kazi kwenye shirika, pengine uko chini ya silingi kama hiyo sasa hivi. Usiogope. Nataka tu nikueleze inashikwa na nini, halafu nieleze nilichofanya Mbale. Habari ya Mbale nimewaambia watu wachache sana kabla ya leo.

Mimi ni mtoto wa Rutshuru. Tulivuka Bunagana mwaka 2012 nikiwa na miaka 11, tukalala Nyakabande, halafu malori yakatuleta hapa Rwamwanja, iliyokuwa imefunguliwa tena mwaka uleule kwa ajili yetu Wakongomani. Hapa nilisoma mpaka Senior Four. Mtihani wetu ulichelewa kwa sababu ya korona, tuliufanya Machi 2021. Nilipita, lakini si kwa alama za kumvuta mfadhili. Wakati huo mgao wa chakula ulikuwa umepunguzwa mwaka 2020, ukapunguzwa tena 2021. Nyumbani nina wadogo wawili wa kike, na mama ambaye mgongo wake haukubali tena jembe. Januari 2022 nikamuaga mama, nikaweka karatasi yangu ya OPM kwenye nailoni, nikapanda basi kwenda Kampala, na kutoka pale taxi mpaka Jinja. Kijana mmoja wa kijiji chetu alikuwa ameniambia Jinja kuna kazi za saiti.

Jinja unaingia kwa daraja jipya la nyaya, lile lililofunguliwa Oktoba 2018. Chini ni Nile. Nilizitazama zile nyaya nikashangaa kwamba barabara nzima, na malori yake, imening'inizwa. Sikujua kwamba kazi yangu itakuwa hiyohiyo, kwa udogo wake.

Wiki tatu nilibeba matofali na kuchanganya zege. Halafu kwenye saiti moja karibu na Main Street akaja mzee wa Kisoga kutafuta kijana mrefu wa kumshikia vyuma. Alikuwa askari zamani. Kiswahili chake kilikuwa cha jeshi, kifupi, cha amri, lakini kilikuwa Kiswahili, na mimi Luganda nilikuwa bado sijui zaidi ya salamu. Sote tulimwita Mzee. Mwezi wa Julai mwaka huo, redio iliposema baraza la mawaziri limekubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, alicheka mpaka akashika ngazi. "Sikia, kijana. Miaka yote watu walikuwa wanasema hii ni lugha ya bunduki. Leo ni ya serikali."

Siku ya kwanza aliniuliza swali. Kwetu Kongo tunasema plafo, hapa wanasema silingi. "Hii silingi yetu," akasema, "inashikwa na nini?"

Nikasema ukuta.

"Ukuta unaigusa tu. Inashikwa na zege ya juu. Sasa kati ya zege na bodi kuna nini?"

Nikasema hewa.

"Hapana. Kuna hanga."

Ndivyo nilivyoanza kusoma kazi hii. Kwanza tunapima usawa kuzunguka chumba kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoona maji ndani, maana maji hayadanganywi na sakafu iliyopinda. Kwenye huo mstari tunapiga engo ya ukutani. Halafu zinakuja tii kuu, vyuma vyepesi vyenye umbo la T iliyogeuzwa, kila kimoja mita 3.6. Vinaunganishwa kichwa kwa kichwa na klipu iliyo mwishoni mwake. Kati ya tii kuu moja na nyingine unaingiza krosi-tii za mita 1.2, na kati ya hizo unaingiza za sentimita 60, mpaka upate miraba ya 60 kwa 60. Bodi inalala ndani ya mraba.

Kila krosi-tii ina ulimi mdogo mwishoni. Unauingiza kwenye tundu la tii kuu, na mwenzake anaingia kutoka upande wa pili, nao wanashikana. Kikikaa vizuri kinalia *tak*. Mzee alikuwa akisimama chini, amenipa mgongo, anasikiliza. Nikiunganisha bila sauti, anasema bila kugeuka, "Hiyo haijaingia." Mara nyingi alikuwa sahihi. Chuma kilikuwa kinaonekana kimeingia, ukikivuta kinatoka.

Lakini hayo yote, Mzee alisema, ni sahani tu. Kinachobeba sahani ni hanga. Unatoboa zege ya juu kwa drili, tundu la milimita 8. Unapuliza vumbi kwa kimrija, kwa sababu boliti ya kupanuka ikikuta vumbi inashika vumbi, haishiki zege. Unaigonga iingie, unaikaza, nayo inafungua tumbo lake mle ndani. Kutoka hapo inashuka fimbo nyembamba ya chuma, na nyingine inapanda kutoka kwenye tii kuu, na hizo mbili zinakutana kwenye klipu tunayoiita kipepeo. Ukibana mabawa ya kipepeo, fimbo zinateleza, unapandisha au kushusha. Ukiachia, zinakamatwa. Kitu kidogo kama sarafu mbili, na ndicho kinaamua kama silingi itakuwa sawa au itakuwa na mawimbi.

Hanga moja kila mita 1.2 ya tii kuu. Ya kwanza isipite sentimita 60 kutoka ukutani. Taa inapata hanga zake yenyewe, haibebwi na tii ya jirani. Hakuna kufunga kwenye bomba la maji wala la umeme. Kama huna fimbo unatumia waya mnene wa kazi hiyo, na unauzungusha kwenye wenyewe mara tatu, uliobana, si mara moja kama unafunga mbuzi. Kisha kila hanga inavutwa. Mzee alikuwa akitundika mfuko wake wa vifaa kwenye kila moja, anahesabu polepole mpaka tano, anautoa, anasogea kwenye nyingine. Mimi nilikuwa naona anapoteza muda.

Jioni, kabla hatujafunga bodi za mwisho, alikuwa anasema: "Hesabu hanga." Nilipanda ngazi na tochi, nikahesabu kwa sauti. Nikisema 64, anapanda mwenyewe, anahesabu. Kama tumekubaliana, anaandika ukutani kwa penseli, juu ya mstari wa engo, mahali ambapo bodi itafunika: namba na tarehe. Nilimuuliza anamwandikia nani, maana hakuna mtu ataiona. Akasema, "Fundi atakayekuja kufungua. Na mimi."

Nilikaa naye miezi minane. Alikuwa akinilipa shilingi 15,000 kwa siku, nyingi nilituma nyumbani.

Septemba Mzee akaumwa. Kazi ikasimama, na kodi ya chumba changu haikusimama. Ndipo mtu mmoja mwenye vibarua vya silingi na milango ya alumini akanifuata, akasema amesikia mikono yangu ni myepesi. Ana kazi Mbale, shule ya binafsi, jengo la ghorofa. Madarasa matatu ya chini na korido. Atanipa 25,000 kwa siku na mahali pa kulala. Nilimuaga Mzee kitandani. Akasema, "Sawa. Hesabu."

Tulipita Iganga, Namutumba, Tirinyi, mpunga pande zote mbili za barabara, halafu mlima Wanale ukatokea mbele kama ukuta ulioegemea mbingu. Nilipofika Mbale mafuriko ya usiku wa 30 Julai yalikuwa bado yameandika mstari wa tope kwenye nyumba za karibu na mito. Watu walikuwa wanaonyesha kwa mkono: maji yalifika hapa. Lakini mji niliupenda. Kenya iko karibu na Kiswahili kinasikika sokoni, kwenye stendi, kwa boda. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke kambini niliweza kununua nyanya bila kuonyesha kwa kidole.

Vifaa vikaja siku ya pili. Tii zilikuwa nzuri, bodi za jipsamu nzuri, nzito kidogo, karibu kilo mbili kila moja. Halafu bosi akatoa boksi la hanga. Lilikuwa dogo. Nilikuwa nimeshapima vyumba kwa hatua na kupiga hesabu nyuma ya kadi ya simu: darasa moja linataka hanga 30, madarasa matatu 90, korido 24. Jumla 114. Ndani ya boksi nilihesabu 50.

Nikamwambia, "Bosi, hanga zimepungua."

"Ruka moja moja," akasema. "Zikiisha, kuna waya ule na misumari."

Waya ule ulikuwa wa kufungia nondo, mweusi, laini, unaupinda kwa vidole. Misumari ilikuwa ya zege. Nieleze tofauti kwa asiye fundi. Boliti ya kupanuka ukiivuta chini, inazidi kujikaza ndani ya tundu. Msumari uliopigwa kwenda juu ukiuvuta chini, unauvuta kwa njia ileile uliyoingilia. Siku ya kwanza unashika. Mwezi wa kwanza unashika. Lakini ghorofani watoto wanakimbia, meza zinaburutwa, milango inapigwa, na kila mtikisiko unaulegeza kidogo.

Nikasema tena, na hapa naandika maneno yangu yote kwa sababu yalikuwa machache: "Bosi, Mzee alinifundisha mita moja na ishirini."

Hakukasirika. Ingekuwa rahisi kama angekasirika. Alinitazama tu akasema, "Wewe si Mkongo? Una karatasi? Pale stendi kuna vijana wangapi wanataka hii kazi?" Halafu akaenda kupokea simu.

Vijana wawili tuliokuwa nao, Wagisu wa hapohapo, waliangalia chini. Nao walikuwa na watoto. Sitaki mtu aseme kwamba nilinyamaza kwa sababu mimi ni mkimbizi tu. Wao walikuwa nyumbani kwao, na walinyamaza. Lakini mimi nilikuwa na kitu ambacho wao hawakuwa nacho: nilikuwa nimefundishwa. Wao walidhani ndivyo inavyofanywa. Mimi nilijua.

Na nieleze jambo ambalo linanisumbua zaidi. Nilipoamua kunyamaza, sikufanya kazi kwa huzuni. Niliifanya vizuri. Mstari ulikuwa umenyooka, kona zimefungana, ukiingia chini unaona weupe mtupu. Bosi akanipiga bega, akaniongezea shilingi 5,000 kwa siku. Nilituma nyumbani shilingi 200,000 kwa mara moja, jambo ambalo sikuwahi kufanya. Mama akapiga simu analia: "Mwanangu, uko unakula lakini? Usitume yote." Mdogo wangu alirudi shule kwa hela ile. Tulikabidhi kazi Novemba. Jioni ya mwisho nilipanda ngazi na tochi kwa mazoea, penseli iko sikioni. Nikatazama ukuta. Nikashuka bila kuandika.

Machi 2023 mvua zilikuwa zimeanza, mimi niko Jinja tena, Mzee amepata nafuu na tumerudi kazini. Mmoja wa wale vijana wa Mbale akanipigia. Korido imeanguka Jumapili asubuhi, kipande cha mita tano hivi pamoja na taa. Watoto hawakuwepo. Mama wa usafi alikuwepo. Bodi na chuma vimempiga, amevunjika mfupa wa bega. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema: "Usijali, bosi hapatikani kwenye simu, na wewe hawana jina lako."

Nililala nayo usiku mmoja. Asubuhi nikamwambia Mzee. Hakuniuliza kwa nini. Aliniuliza, "Hanga ngapi?"

"Hamsini."

"Zilitakiwa?"

"Mia na kumi na nne."

Alikaa kimya, anasafisha drili kwa kitambaa. Halafu: "Uliandika ukutani?"

"Hapana, Mzee."

"Kwa hiyo ulijua."

Akatoa noti ya 20,000, ya nauli. Akasema, "Nenda umwone huyo mama. Halafu uje uniambie."

Nilimkuta Namatala, kwenye chumba kimoja, mkono umefungwa kifuani kwa kanga. Nilikuwa nimenunua sukari na sabuni. Alifikiri nimetoka kanisani. Akamwambia binti yake aniwekee kiti. Nilikaa, nikasema jina langu, nikasema silingi ile nilifunga mimi, kwa mikono hii. Nikasema waya ulikuwa mbovu na misumari haikutosha.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilijua, mama."

Binti yake alisimama pale mlangoni akiwa ameshika sufuria. Nilisubiri matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kupigwa. Nadhani nilikuwa nayataka, yaishe, nirudi Jinja nimelipa. Yule mama alinitazama muda mrefu, akauliza swali moja tu:

"Na madarasa?"

Sikuelewa.

"Korido imeanguka. Na yale madarasa ya watoto, ulifunga wewe pia?"

Nikasema ndiyo.

"Vilevile?"

Sikuweza kujibu. Akasema, "Basi kwangu umekuja kufanya nini? Nenda shule."

Ukweli ni kwamba sikuwa nimefikiria madarasa. Tangu simu ile nilikuwa nafikiria bega lake, na polisi, na jina langu. Silingi tatu zilikuwa zinaning'inia juu ya watoto wa P1, P2 na P3, mimi nimebeba sukari.

Nilikwenda kwa miguu. Njiani niligeuka mara mbili. Nilipofika getini nikamwambia askari nataka kumwona mwalimu mkuu, kuhusu silingi. Nilikaa kwenye benchi saa mbili nzima, nimeshika karatasi ya OPM mkononi kama vile nitaulizwa hiyo kwanza. Sikuulizwa. Mwalimu mkuu alisikiliza mpaka mwisho, akapiga simu, akaja injinia kijana mwenye tochi. Tukaingia P2. Walimu waliwatoa watoto nje, wakakaa chini ya mwembe, wanaimba.

Nilipanda ngazi, nikasukuma bodi moja pembeni. Injinia akamulika. Alihesabu misumari ya safu moja. Nikashika wa kwanza kwa plaisi, ukatoka. Wa tatu na wa nne sikuhitaji plaisi. Ilitoka kwa vidole vyangu. Injinia aliipokea kwenye kiganja, akampa mwalimu mkuu, hakusema neno. Juu ya mstari wa engo ukuta ulikuwa safi, hauna namba.

Watoto walihamishiwa ukumbi wa kanisa la jirani kwa siku kumi. Shule ilinunua hanga na boliti. Mimi nilifanya kazi bila malipo, nikila posho na maharage ya watoto, injinia akipita kila jioni kuvuta hanga moja moja. Sikushtakiwa. Sikushukuriwa pia, na ni haki. Siku ya mwisho mwalimu mkuu aliniambia, "Ungekuja Novemba." Ndilo jambo la kweli kuliko yote niliyoambiwa. Yule mama mfupa wake ulishika lakini mkono haupandi tena mpaka juu. Nilimpelekea nusu ya mshahara wangu miezi mitatu. Alipokea. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuuliza.

Korido na madarasa yote matatu yana namba sasa, kwa penseli, juu ya engo. 24, 30, 30, 30.

Nilirudi Rwamwanja mwishoni mwa 2023. Siku hizi nafanya kazi na vijana: michezo, mazungumzo, kuwafuata walioacha shule. Jumanne na Alhamisi mchana tunafundisha silingi. Hatuna chumba chenye zege, kwa hiyo tumejenga fremu ya mbao, mita tatu kwa tatu, tunaning'iniza, tunafungua, tunaning'iniza tena. Baadhi yao watafanya mtihani wapate Worker's PAS, kile kitabu kinachoonyesha unachoweza kufanya kwa mikono hata kama huna cheti cha shule. Mimi ninacho, na kimenisaidia. Mwalimu mmoja wa ufundi alinichorea kitu ambacho Mzee alikijua bila kuchora: nafasi kati ya hanga ukiizidisha mara mbili, uzito wa kila hanga unakuwa mara mbili, lakini chuma kinapinda mara kumi na sita. Niliitazama ile karatasi nikakumbuka "ruka moja moja".

Sasa niseme na ninyi wa mashirika, kwa heshima. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea katika nchi hii, na tunashukuru, najua si nchi zote. Mnawafundisha vijana wetu ufundi, mnawapa kisanduku cha vifaa siku ya mahafali, mnapiga picha. Kisanduku ni kizuri. Lakini kijana anakwenda nacho Jinja, Mbale, Mbarara, peke yake, na siku ya pili anakutana na boksi lenye hanga 50 mahali pa 114. Siku hiyo hana namba ya kupiga. Hana hela ya kulala siku tatu bila kazi. Anajua lililo sawa na hawezi kulilipia. Mkitaka kutusaidia, siku ile ihesabuni katika bajeti. Mwekeni mtu mmoja wa kupokea simu. Wekeni nauli ya kurudi. Ni kitu kidogo, kitakaa juu ya bodi ambapo hakipigwi picha.

Na kwenu vijana wenzangu, siwezi kuwaambia ningefanya nini kama mama angekuwa na njaa leo. Sijui. Naweza kuwaambia tunachofanya Jumanne na Alhamisi. Wakimaliza kufunga fremu, mimi nageuka bosi. Navaa kofia, nachukua simu, nasema kwa ukali: "Hanga zimeisha, ruka moja moja, fungeni na waya ule!" Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, kundi zima liliruka. Kila mmoja, bila swali. Sikuwacheka.

Sasa tunafanya mazoezi ya kujibu. Si kugombana na bosi, si kumwita mwizi. Unamtajia namba tu. Mwezi uliopita binti mmoja wa miaka 18, mzaliwa wa Masisi, alishuka ngazi, akajifuta vumbi, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Bosi, chumba kinataka tisa. Tunazo tano. Nitafunga krosi za upande ule kwanza, wewe uende kuleta nne."

Nikamwambia kuna vijana wengi stendi wanaitaka kazi hii.

"Nao watataka tisa," akasema.

Akapanda tena. Nilimsikia anahesabu kwa sauti huko juu, moja, mbili, tatu. Halafu akaomba penseli.